Sheria Niliyoitungia Ngitili ya Jilala

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kijiji kizima kilinipigia makofi, na mpaka leo nikisikia watu wanapiga makofi popote, hata kanisani, moyo unashtuka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Nilisimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji chetu, huku huku Kishapu, nikasema maneno matamu juu ya haki na usawa, na watu wakanyoosha mikono. Nilikuwa nimetunga sheria. Na niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja tu, rafiki yangu Jilala, kwa sababu nilikuwa namwonea wivu mpaka chakula hakipiti.

Nakuambia haya kwa sababu ya zile karatasi ulizonisomea jana. Usikunje uso, Limi. Nilikusikiliza vizuri sana. Wewe ni mchumi, umesoma chuo, halmashauri huko Masumbwe inakusubiri utoe ushauri, na mimi baba yako mkubwa ni mfugaji niliyeishia darasa la saba. Lakini rasimu yako niliielewa. Unataka kila mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, awasagie bure kina mama wanaookota kifusi, siku mbili kila wiki. Ni jambo tamu masikioni. Hata mama yako mkubwa kule jikoni nilimsikia akisema amina.

Ila ulipofika katikati uliweka karatasi chini ukaanza kunieleza habari za Kashinje, yule mliyesoma pamoja, mwenye makarasha matano na gari jeupe. Ukasema, "Baba, yule darasani alikuwa ananichungulia majibu! Leo ananipita barabarani hata salamu hakuna." Halafu ukacheka. Mimi sikucheka, na nadhani uliona. Kile kicheko nakifahamu, nimekaa nacho nyumba moja miaka mingi.

Basi kaa, chai ipo, basi lako la saa nne bado.

Mimi na Jilala tulichunga pamoja tangu tukiwa hatujaota meno ya mbele. Wazazi wetu walipakana. Tulipigwa fimbo pamoja, tukaiba karanga pamoja, na tulipobalehe tukakosana na kupatana mara elfu kwa ajili ya wasichana ambao wala hawakutujua. Kisha, nikiwa na miaka ishirini na mbili, zikaja habari kwamba dhahabu imetoka upande wa Masumbwe. Wee! Nani angenishika? Nikamwambia Jilala twende. Akaniambia, "Shija, baba ameniachia ng'ombe sita na eneo. Nikiondoka nani ataangalia?" Nikamcheka mbele za watu. Nikamwita mlinda majani, na jina likamganda, ikawa hata watoto wanamwimba nalo akipita.

Nilikaa machimboni miaka minne. Niliingia maduarani, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, nikashika sululu, nikaota ndoto za nyumba ya ghorofa huku nalala kwenye turubai. Wapo waliotoka, nisiseme uongo, niliwaona kwa macho yangu wakinunua pikipiki kwa asubuhi moja. Mimi nilitoka na redio, jaketi la ngozi na kifua kinachokohoa.

Nilirudi mwezi wa nane, kiangazi kimekolea. Kutoka Shinyanga mjini mpaka kwetu, nje ya dirisha la basi ni ukijivu mtupu, ng'ombe mbavu nje, wanalamba udongo. Nikashuka, nikatembea na redio yangu begani, nikafika mpakani mwetu na kina Jilala. Nikasimama kama mtu aliyepotea njia. Mbele yangu kulikuwa na nyasi za kufika kiunoni, zimekauka vizuri zikiwa zimesimama, na ndani yake ng'ombe wananenepa kana kwamba wao walinyeshewa mvua ya peke yao. Nikahesabu mpaka ishirini na kitu nikaacha. Nyuma yao niliona nyumba ya bati. Mlinda majani!

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Ngitili ni eneo ambalo Msukuma analifunga mvua zinapoanza. Haliingizwi mnyama msimu wote. Nyasi zinaota, zinarefuka, zinakauka zikiwa hapo hapo, halafu kiangazi kikibana mwenyewe analifungua. Wala halifungui lote. Anafungua kipande, kikiisha anafungua kingine, na wanaotangulia ni wanaonyonyesha, ndama, wagonjwa, na wale maksai wa kulimia. Hao ndio hasa wanaotunziwa, maana mvua ya kwanza ikigonga, asiye na maksai wenye nguvu hana shamba. Na kulifunga siyo maneno. Wakati mvua zinanyesha na kila mahali pana majani, wewe unaamka alfajiri kufukuza ng'ombe za watu wasiingie kwako, unapanda minyaa mpakani, unagombana na majirani, unaitwa mchoyo. Jilala alifanya kazi hiyo miaka minne wakati mimi natafuta utajiri wa siku moja.

Ningempongeza, ningekuwa mtu. Lakini mwanangu, kijiba cha roho kilinikaa hapa. Nilikuwa na ile roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kwa nini siyo mimi niliyethubutu kwenda? Na marehemu mama, Mungu amrehemu, hakunisaidia hata kidogo. Kila siku Jilala. Jilala kaniletea maziwa ulipokuwa huko. Jilala kanilimia bure, hata shilingi hakutaka. Jilala kaniuliza kama umeandika barua. Mama alikuwa anashukuru tu, mimi nasikia ananichoma kwa msumari. Nikawa nikikutana na Jilala njiani nacheka naye, "Ngosha, habari za ng'ombe?" Tukishapishana natema mate.

Mwaka wa pili tangu nirudi, ukame ulizidi. Na mimi nilikuwa nimechaguliwa mjumbe wa serikali ya kijiji, maana machimboni ukikosa dhahabu walau unapata mdomo. Ng'ombe zilianza kuanguka. Watu walikuwa na shida ya kweli, sikatai hilo. Katika shida ile ndipo nilipoona mlango wangu. Nikakaa na kalamu nikaandika: kuanzia sasa, kukiwa na ukame, ngitili zote za kijiji zitakuwa wazi kwa mifugo ya wote mpaka mvua inyeshe. Mstari mmoja. Niliuandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Mkutanoni nikasimama. "Ndugu zangu, mvua ni ya nani? Nani kati yetu alipanda nyasi? Mungu amenyesha kwa wote, mtu mmoja amefungia! Ng'ombe wa jirani anakufa mlangoni kwake na yeye anatazama!" Mlango wenyewe haukuwepo, ilikuwa safu ya minyaa tu, na Jilala alikuwa ameshawaruhusu wajane wawili kuingiza ng'ombe wao, lakini mdomo ulikuwa umeshashika moto. Watu wakaitikia kwa vigelegele.

Jilala akasimama, kofia mkononi. Akasema, "Nimesikia. Mimi huwa nafungua kipande kwa kipande, ili nyasi zifike mpaka mvua. Naomba hata kama ni kwa wote, tufanye hivyo hivyo." Sikungoja mwenyekiti. Nikamrukia: "Ng'ombe wetu wanakufa leo, wewe unatupimia vipande!" Hapo ndipo makofi yalipopigwa. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, ikawa msitu wa mikono. Jilala akakaa chini. Alinitazama mara moja tu, wala siyo kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka mliwahi kuonana wapi.

Sheria ilianza Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo ng'ombe ziliingia kwa Jilala kama watu wanaoingia mnadani. Yule ambaye mifugo yake ilikuwa na nafuu kule mbugani aliirudisha mbio, maana aliona wazi, asipokula yeye leo atakula mwenzake, na kesho hakuna. Nani angebakiza? Ubakize uwe mjinga wa kijiji? Watu walewale ambao kwenye maeneo yao walikuwa wanapima nyasi kwa busara, pale walikuwa wanashindana. Hawakuwa watu wabaya, kila mmoja alikuwa na akili zake timamu, na balaa lenyewe lilikuwa hapo hapo.

Na mimi je? Nilikuwa na ng'ombe wanne, wa mama hasa, siyo wangu. Wanne watakula kiasi gani kabla nyasi hazijaisha? Nikamtumia ujumbe shemeji yangu wa kijiji cha pili, alete ng'ombe wake thelathini waingie kwa jina langu. Ndiyo, mimi mwenyewe mtunga sheria! Nilisimama kule na fimbo nikiwaswaga ng'ombe wa shemeji waingie katikati, kwenye nyasi nene.

Siku ya tisa hapakuwa na kitu. Nyasi ambazo Jilala angezifikisha mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja ziliisha kwa siku tisa, mpaka mizizi ikang'olewa na kwato. Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama hakulijua. Jioni ile, nilipopita nikaliona eneo lile limebaki kama kiganja cha mkono, nilifurahi. Ng'ombe wetu walikuwa na njaa ile ile, hakuna mtu kijijini aliyekuwa amepata nafuu ya kudumu, na mimi nilikwenda nyumbani nikala ugali mkubwa, nikapiga mluzi. Nilifurahi kwa sababu sasa Jilala alikuwa kama mimi.

Furaha hiyo haikufika saa sita ya kesho yake. Asubuhi nikasikia kelele nyuma ya zizi letu. Mama alikuwa na kijieneo pale, kidogo tu, alichokuwa amekifunga kwa ajili ya maksai wake wawili. Nikatoka, nikakuta ng'ombe za watu zinaingia, na mama amesimama mbele yao na mwiko mkononi akipiga kelele, "Ninyi, mnakwenda wapi?" Aliyetangulia alikuwa Mabula, jirani yetu, mtu wa adabu kabisa. Akavua kofia. "Shikamoo mama," akasema. "Tunafuata sheria ya mwanao."

Niliposema ngitili zote, mwanangu, nilikuwa naona ya Jilala tu. Ile ya mama sikuwahi kuiita ngitili kichwani mwangu. Kwangu ilikuwa majani ya mama nyuma ya zizi. Lakini sheria haikuwa na macho yangu, na yakaliwa yote kabla jua halijawa kali. Mama hakunifokea. Aliingia ndani akaendelea na kazi zake, na siku tatu hakunisemesha zaidi ya kunikaribisha chakula.

Jumamosi nikaenda mnadani, nikapate hewa. Pale mnadani kulikuwa na bibi mmoja anauza chai na chapati, Bi Tatu. Alikuwa Mwislamu wa Shinyanga mjini, wazee wake walikuja na reli wakatulia, na marehemu mumewe alinunua ngozi kwa wafugaji wa kwetu maisha yake yote. Alitujua, sisi na ng'ombe wetu. Nikamwamkia. "Marahaba, mheshimiwa," akasema, na hilo neno mheshimiwa alilivuta mpaka wanywaji wengine wakageuka. Nikaona ameshasikia. Nikaanza kujieleza: ukame, usawa, ubinafsi wa watu wachache. Akaniacha nimalize. Akamimina chai, akampa mwingine.

"Hizo nyasi mlizokula," akaniuliza, "zilikuwepo kwa nini?"

"Kwa sababu Jilala alizifunga."

"Na mwaka kesho atazifunga nani?"

Nilitaka kusema Jilala.

"Unaona sasa," akasema. "Yule kijana alikuwa na sababu ya kuamka alfajiri. Umeiondoa ile sababu, halafu unazunguka unasema umegawa nyasi. Umegawa za mwaka huu, baba. Za mwaka kesho umezizuia zisiote." Akafuta mikono kwenye kanga, akaendelea bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Kama ilikuwa njaa ya mwaka huu, si mngemwomba, mkaingia kipande kwa kipande kama alivyosema mwenyewe, na nyie mkamsaidia kulinda? Na kama ilikuwa huruma, si ungewaambia kila mmoja afunge chake mvua zikianza? Mbona haya ni mambo ya kawaida, hata mimi muuza chapati nayaona. Kwa nini wewe hukuyaona?"

Nikasema, "Sikuwaza, Bi Tatu."

"Hukuwaza kwa sababu hukutaka nyasi wewe," akasema. "Ulitaka Jilala akose."

Alisema mbele za watu wanaokunywa chai. Hakuna aliyecheka. Niliondoka bila kununua kitu, na njiani kote nilikuwa namjibu kwa sauti kama kichaa, namwita mbea, namwita mwanamke asiyejua serikali inavyoendeshwa. Nilipofika nyumbani majibu yote yalikuwa yameniishia.

Mvua zilikuja mwezi wa kumi na moja, nzuri, kwa wakati. Unajua mvua ya kwanza kwetu, siku hiyo usiposhika jembe la ng'ombe umechelewa mwaka. Tukawafunga nira maksai wa mama. Walivuta hatua kumi, mmoja akapiga magoti. Tukamwinua, akapiga magoti tena. Kijiji kizima ilikuwa hivyo hivyo, watu wana mvua, wana mbegu, wana plau, na maksai hawawezi kusimama. Mama akaenda ndani akatoa jembe la mkono. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Akaanza kulima peke yake kwenye ule udongo mzito unaonata, nami nikachukua jembe jingine nikalima kando yake. Mwaka ule pamba tulipata kidogo na mtama kidogo zaidi. Jilala ndiye pekee aliyepanda kwa wakati, maana maksai wake wawili alikuwa amewahi kuwapeleka kwa wakwe zake kabla ya ile Jumatatu. Na unadhani nilisema nini moyoni nilipomwona analima? Nilisema, mjanja huyu. Bado tu!

Mwaka uliofuata mvua hazikuwa mbaya. Nyasi ziliota kila mahali, na hakuna aliyefunga hata hatua moja. Afunge amlindie nani? Ng'ombe waliingia nyasi zikiwa bado changa, kila mtu anawahi, na kufika mwezi wa saba kijiji kilikuwa kama uwanja wa mpira. Jilala hakuja tena mkutanoni. Alikata miti yake aliyokuwa ameiacha ikue mle ndani, akachoma mkaa, akauza. Kisha tukasikia anahama na mifugo yake kwenda upande wa Katavi, kama Wasukuma wengi walivyokwenda.

Asubuhi aliyoondoka alipita kwetu na wale maksai wake wawili. "Mwangaluka mayu," akamwamkia mama. Kisha akamkabidhi kamba. "Mama, hawa wamezoea udongo wa huku. Huko ninakokwenda nitafundisha wengine. Hawa watakulimia." Mama akalia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Jilala akaja akanipa mkono. "Shija, ubaki salama." Nikasema, "Nenda salama." Basi. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga tangu siku ile ya mnadani, na nikarudisha mswaki mdomoni nikaendelea kusugua meno.

Na unajua nilihisi nini nikimtazama anatokomea na ng'ombe wake? Ungesema aibu. Aibu ilikuwepo, lakini kilichotangulia ni wivu, mwanangu. Hata wema wake niliuonea wivu. Nikasema, huyu naye, hata kuondoka lazima aondoke akiwa bora kuliko mimi. Nililima na maksai wale misimu saba, nikala jasho lao na kukuzia watoto, na kila nikishika plau najua nimeshika mali ya nani.

Sheria yangu ilikuja kufutwa, baada ya miaka mitatu, na mimi mwenyewe ndiye niliyesimama kuomba ifutwe. Safari hiyo hakuna aliyepiga makofi. Tukakubaliana karibu vile vile alivyosema Bi Tatu: kila kaya ifunge kipande chake mvua zikianza, walinzi wa kijiji wasaidie kulinda vya wote, na mwaka ukiwa mbaya sana mwenye eneo kubwa afungue sehemu kwa wale waliolinda naye. Nyasi ziliota tena, lakini taratibu mno. Mahali pengine pale kwa Jilala mpaka leo pana upara.

Jilala hakurudi. Nilisikia alifanikiwa huko, akaoa tena, akasomesha watoto. Miaka michache iliyopita nikapigiwa simu kwamba amefariki. Na kabla sijalia, kabla sijasema hata pole, nilijisikia nikimuuliza aliyepiga: ameacha ng'ombe wangapi? Hilo nakuambia wewe tu. Mama yako mkubwa alikuwa dukani.

Sasa nasaha yangu. Wewe una maneno ya chuoni kwa mambo haya, motisha na mengine, na ni maneno mazuri, yatumie. Mimi nakwambia kwa lugha ya zizini. Kabla hujapeleka ile rasimu, kaa chini ujiulize: sheria hii ikipita, kesho yake asubuhi kila mtu anaamka anafanya nini? Usijiulize anatakiwa afanye nini, jiulize atafanya nini. Hizo siku mbili za bure, mwenye karasha atasema mashine imeharibika. Mwingine atahamia ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Na wale kina mama walionunua karasha moja kwa kikundi, hao watashindwa, watafunga. Kashinje mwenye matano atavumilia. Wadogo wakishafunga atabaki peke yake, atapandisha bei anavyotaka, na utakuwa umemtajirisha huyo huyo unayetaka kumkomoa. Hukumwona yeyote kati ya hao kwenye karatasi yako, kwa sababu ulikuwa unamwona mmoja tu.

Sikuambii wenye nacho waachwe. Kina mama wa kifusi wana shida ya kweli, kama ng'ombe wa kwetu walivyokuwa wanakufa kweli, na kazi yako ni kuwasaidia. Nenda ukakae nao kule wanakookota, uwaulize wanachokosa ni nini hasa. Pengine ni karasha lao wenyewe. Pengine ni mzani usiowaibia. Wao wanajua. Halafu kabla hujasaini, futa kichwani jina la Kashinje, weka jina la mama yako, usome tena kila mstari. Kama bado unaona ni haki, peleka, nami nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Kama mkono unasita, ichane, hata kama watu wameshaanza kukusifia.

Haya, beba mfuko wako, karanga nimekuwekea humo na unga wa kumpelekea mama yako. Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe macho ya kuona msimu unaokuja na siyo huu tu, na akupe moyo usiouma mwenzako akipata. Na kama utauma, maana wewe ni damu yangu, basi Mungu ajaalie ukuume siku ambayo huna kalamu mkononi.